Mawe ya Mtoni na Samaki wa Mama Yako

Binti yangu,

Ukirudi, chai iko kwenye chupa. Mawe yako nimeyatia kwenye ndoo, usiyarudishe kwenye tangi la samaki bado. Yasugue kwa brashi na maji matupu, sabuni usiguse, kisha uyaloweke wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku. Usiyachemshe, yanaweza kupasuka.

Asubuhi nilipokuta samaki wawili wa marehemu mama yako wanaelea, nilikufokea: "Umewaua kwa mawe yako ya mtoni!" Ukaenda shule bila kuniaga. Ndipo nikachukua siki, nikaidondosha juu ya jiwe mojamoja. Yako yote yalitulia. Lililotoa povu ni lile jeupe, nililolitia mimi Jumapili bila hata kulisuuza, kwa kuwa mama yako angelipenda. Jiwe la chokaa la namna hiyo huyeyuka polepole na kuharibu maji.

~~Yameisha, tusiyazungumze tena.~~ Hapana. Tuyazungumze jioni. Nilikuonea.

Samaki sijawatupa. Nimewafunga kwenye kitambaa, nikisubiri tuwazike pamoja nyuma ya jikoni.

Nisamehe, mama.

Baba