Taso ya Mama Leonise

Mamou, Luiziana
9 Januari 1974

Kwako Mama Mkubwa Azema,

Sasa hivi tu mwanangu Tilda amechukua kijiko kitupu, akakipeleka mdomoni kwa babu yake, akamwambia, "Am!" Na babu akafungua mdomo. Kijiko kitupu, Mama Mkubwa! Changu chenye chakula hakifungulii.

Ona sasa, nimeanza na mtoto kabla ya salamu. Niwie radhi. Hujambo? Miguu yako inaendeleaje, na baridi ya huko Port Arthur? Sisi huku wazima, ila huyo mmoja ninayekuandikia habari zake.

Hunijui vizuri. Mimi ni Verlie, mke wa Curtis, mtoto wa marehemu mdogo wako Leonise. Siku ya mazishi nilikuona umekaa benchi la nyuma kabisa kanisani, ukaondoka kabla ya kahawa. Nilitaka kukukimbilia lakini nilikuwa na Tilda amelala begani.

Tangu tumzike Mama Leonise, Baba Mkwe hali. Si kwamba amegoma. Anakaa mezani vizuri, anasali, anashika uma, anausukuma wali kutoka upande huu wa sahani hadi upande ule, kisha anasema, "Asante, mke wa Curtis, nimeshiba." Suruali anaifunga kwa kamba. Majirani wameleta kila kitu, kuku wa mchuzi, kamba wa matopeni, keki ya viazi vitamu. Mbwa wetu amenenepa.

Juzi wifi yangu Earline amekuja kutoka Lafayette. Ameniambia wazi, bila ubaya, maana naye analia: Pasaka ikifika baba yake bado yuko hivi, atamchukua ampeleke kwenye nyumba ya wazee huko kwao, kuna wauguzi. Mama Mkubwa, mzee huyu akitolewa kwenye nyumba hii hatamaliza kiangazi. Mimi sijasoma sana lakini hilo naliona.

Amewahi kuulizia chakula mara moja tu. Alisimama mbele ya kabati akasema, "Taso ya Leonise imekwisha?" Ilikuwa imekwisha. Kipande cha mwisho tulikipika siku ya mazishi, tukawalisha wageni.

Nasikia wewe ndiye uliyemfundisha mdogo wako kukausha ile nyama. Mimi nimekulia mjini Lake Charles, kwetu nyama ya moshi inanunuliwa dukani. Najua wewe na Baba Mkwe hamsemeshani. Sikuombi useme naye. Nakuomba useme na mimi.

Ni mimi mkaza mwana wako,
Verlie

*

Port Arthur, Texas
20 Januari 1974

Mwanangu Verlie,

Nimepata barua yako na salamu zako nimezipokea. Miguu yangu ni ileile, mmoja wa kutabiri mvua na mwingine wa kulalamika. Mbusu mtoto.

Nianze na hilo la kutosemeshana, usije ukadhani ni jambo kubwa. Shemeji yangu Ulysse, huyo baba mkwe wako, siku tulipokusanyika kuchinja nguruwe kwa kina Vidrine, alisimama mbele ya watu wote, kofia kichwani, akasema gambo yangu, mchuzi ninaojivunia, ni maji aliyooshea miguu bata. Watu wakacheka. Mume wangu, Mungu amrehemu, naye akacheka. Nikavua aproni nikapanda gari, na tangu siku hiyo sijakanyaga nyumbani kwake. Leonise alikuwa anakuja huku kunitembelea. Sasa haji tena. Basi.

Sikiliza. Wakichinja nguruwe, omba bega. Usikubali paja, paja ni la mapadri na wageni. Kata vipande virefu vyembamba, kama mkanda wa mwanamume mwembamba. Chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga, halafu ile pilipili nyekundu. Unaniuliza kiasi gani? Mpaka uogope, kisha ongeza. Funika kwenye bakuli, weka baridini kwa siku kadhaa, isahau. Halafu itundike kwenye kibanda cha moshi na kuni za mti wa mpekani. Msonobari usiusogeze hata kwa bahati mbaya, utakula lami. Moto usionekane, moshi tu. Ikiwa nyeusi nje na inajikunja bila kuvunjika, tayari.

Usimwambie ni mimi.

Mama yako mkubwa,
Azema

*

Mamou
17 Februari 1974

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mvua, naamini mguu ule wa kwanza ulikwambia mapema. Sisi tunaendelea. Curtis yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, atarudi zamu ikiisha. Tilda amejifunza kusema "hapana" na analitumia kwa kila kitu, hata kwa padri.

Nguruwe tumemchinja. Nilipoomba bega mabega yote mawili yakaja kwangu, kwa sababu kina mama waliponiona nimeshika kisu walinionea huruma. Bibi Odalie, jirani yetu, akanishika kiwiko akasema, "Binti wa Lake Charles, hicho kisu umekishika kama kalamu." Nikamwambia, "Ndiyo maana hata kalamu siiwezi." Wakacheka, na baada ya hapo walinisaidia.

Bega moja nikaligandisha kwenye jokofu. La pili nikakata, nikapaka, nikafunika. Moshi ulikuwa mzuri, ulikaa chini kama ulivyosema. Nikapika maharage meupe, nikatia taso, nikampakulia.

Alionja kijiko kimoja. Akatafuna. Mimi nimesimama hapo na taulo ya vyombo mkononi, nikaisokota mpaka ikatoa maji. Akaweka kijiko chini taratibu akasema, "Asante, mama. Umejitahidi."

Mama Mkubwa, heri angesema ni maji ya bata.

Kosa nalijua. Niliiogopa pilipili. Nilikuwa nimembeba Tilda mgongoni, nikawaza, akitia kidole je? Nikapunguza. Halafu vipande nilivikata vinene kwa sababu nilitaka viwe vingi vya kumtosha mgonjwa. Katikati imebaki mbichi, nje haina ukali. Ni nyama tu iliyovutishwa sigara.

Earline amepiga simu. Anasema chumba kimepatikana huko, kina dirisha linaloangalia bustani. Nilimwambia baba yake hapendi bustani, anapenda matope. Akasema, "Verlie, mimi nimeshampoteza mama."

Sasa nifanye nini?

Mkaza mwana wako,
Verlie

*

Port Arthur
1 Machi 1974

Mwanangu,

Natumaini wote wazima na mmeipokea Kwaresima vizuri. Huku majivu niliyopakwa kipajini yalioshwa na mvua kabla sijafika nyumbani, kwa hiyo sijui kama yalihesabika.

Unauliza ufanye nini. Unalo bega la pili. Acha kulia, litoe kwenye jokofu.

Mtoto mpe Bibi Odalie akushikie. Vaa glavu za mumeo za kazini. Kata nyembamba, mara mbili ya ule wembamba unaoufikiria. Na pilipili, mwanangu, usiiombe ruhusa. Unampikia mtu aliyezoea mkono wa mwanamke mkali. Leonise alikuwa mpole kwa watu wote, lakini jikoni alikuwa na hasira zake, na yule mzee alizipenda.

Ukimpikia kama mgonjwa atakula kama mgonjwa.

Mama yako mkubwa,
Azema

*

Port Arthur
28 Machi 1974

Verlie mwanangu,

Hujambo? Mtoto je? Naandika tena bila kujibiwa, jambo ambalo sikulifanya hata nilipokuwa nachumbiwa.

Mbona kimya? Kila mleta barua akipita namtazama mpaka ameanza kuvuka barabara. Kama Earline amemchukua, niambie. Kama ameshalazwa, niambie. Mimi na yule mzee tumebaki wawili tu tunaokumbuka Leonise akiwa msichana. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka juzi nikiwa naosha vyombo.

Andika hata mstari mmoja.

Mama Mkubwa

*

Mamou
6 Aprili 1974

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, na nipige kofi utakaponiona. Barua yako ilinikuta Tilda ana surua, usiku na mchana mikononi, na mimi mwenyewe nikawa siwezi hata kushika kijiko. Amepona. Ameamka na "hapana" zake zote.

Taso ya pili niliianika moshini siku ambazo Bibi Odalie alikuwa anakaa na mtoto. Nilivaa glavu za Curtis, nikatia pilipili mpaka nikaogopa, nikaongeza. Nilipiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Ikatoka nyeusi, imejikunja kama mzizi. Nikaitundika jikoni karibu na jiko. Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake ni Ijumaa ya Kwaresima, hakuna nyama, kwa hiyo nikajiambia nitampikia Jumamosi.

Ijumaa, yaani jana, saa za mchana, nikasikia gari. Earline. Hakungoja Pasaka. Amekuja na sanduku tupu, la kujazia nguo za baba yake. Akalisimamisha mlangoni.

Mimi nilikuwa jikoni na maharage motoni. Nilikata vitunguu, nikakata pilipili hoho, huku nasikia droo za mzee zinafunguliwa chumbani moja baada ya nyingine. Machozi yananitoka, na nilikuwa na vitunguu vya kusingizia. Mkono wangu ukawa unafanya kazi wenyewe.

Tukakaa mezani. Mzee akasali. Nikapakua wali, nikamwaga maharage juu. Earline ndiye wa kwanza kutia mdomoni. Uma ukasimama.

"Verlie!" akasema. "Verlie, leo Ijumaa!"

Nikatazama sahani. Vipande vyeusi hivyo vinanitazama. Nilikuwa nimeikata taso na kuitia na vitunguu, kama vile Mama Leonise alivyokuwa akifanya, na mimi sijui hata nilifanya saa ngapi. Ijumaa ya Kwaresima! Nikasimama nizoe sahani, naomba radhi, Tilda naye akaanza kulia kwa sababu mimi nalia.

Mzee akaweka mkono juu ya sahani yake. Hivi, kama anafunika karata zake.

"Kaa chini," akasema.

"Baba, ni nyama," Earline akasema.

"Hii si nyama. Haya ni maharage."

"Baba, naiona! Hii hapa!"

"Hicho ni kiungo. Kuna mtu anaungama chumvi?" Akachota kijiko, akatafuna, jasho likamtoka puani. Akachota kingine. Akakohoa, macho mekundu, akachota kingine. Sisi tumekaa kama sanamu za kanisani. Akasema mdomo ukiwa umejaa, jambo ambalo angemkemea mtu yeyote, "Mama yako aliitia kila Ijumaa ya Mungu tangu tulipooana. Alikuwa anaikata ndogo ndogo ili nisiione. Mimi nilikuwa naiona. Nikamwacha, maana alifurahi sana kunidanganya. Na wewe Earline, unadhani hayo mashavu uliyapata kwa maharage matupu?"

Earline akaanza kucheka. Alicheka vibaya, na machozi, na kamasi, akajifuta kwa kitambaa cha meza. "Kwa hiyo mimi nimeungama madhambi yote isipokuwa hilo!"

"Padri nitamweleza mimi," mzee akasema. "Verlie, bado yapo?"

Yalikuwapo. Alikula sahani ya pili, akaifuta kwa mkate. Kisha akalia, Mama Mkubwa. Hatukuwahi kumwona akilia, hata makaburini. Alilia ameshika mkate. Earline akahamia kiti cha karibu naye, akamwegemea, wakakaa hivyo mpaka kahawa ikachemka na kumwagika.

Jioni Earline alirudisha nguo kwenye droo mwenyewe, akizikunja vizuri kuliko zilivyokuwa. Sanduku ameliacha hapa. Anasema nitalihitaji siku Curtis akinipeleka kutembea, na kwamba wauguzi watampa chumba mtu mwingine.

Sikumwambia mzee ni wewe. Aliniambia yeye. Leo asubuhi amekaa barazani, akauliza, "Azema mguu wake bado unamsumbua?" Nikajifanya sijui. Akasema, "Mke wa Curtis, pilipili ile ina hasira ya familia moja tu, na mmoja wao nimemzika." Halafu akasema uje Pasaka. Uje na mayai yako ya rangi, ya ule mchezo wa Pasaka wa kugonganisha, uchague magumu, kwa sababu yeye atayavunja yote. Nikamwuliza kuhusu yale ya gambo. Akasema hayo atayasema mwenyewe, kofia ikiwa mkononi, mbele ya watu walewale waliosalia.

Kwa hiyo njoo. Curtis atakuwa ametoka baharini, atakufuata na gari mpaka mlangoni, hutapanda basi na miguu hiyo. Kitanda cha chumba cha mbele nimeshakitandika. Sijui kama utamtambua mara moja, bado mwembamba, usishtuke. Lakini leo amelegeza ile kamba ya suruali kidogo, nimemwona, akadhani sijamwona. Nilitaka pia kukuuliza jambo moja la kwangu mwenyewe, maana sina mama karibu, ni kuhusu huyu mwingine wa tumboni ambaye nadhani

Mzee ananiita. "Mama Tilda! Wewe! Njoo, chakula kinapoa, na huyu mwanao ameshaingia kwenye sahani yangu!" Nakuja, nimemwambia, nakuja, namalizia tu kumwambia Mama Mkubwa kwamba