Magauni Kumi na Moja ya Baba Yake Leanne

Shangazi Mavis mpendwa wa safu ya ushauri gazetini, nakuandikia nikiwa nimeinua mguu juu ya kigoda, na nakusihi unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa nikikosea nitakuwa nimemkosea mwanangu wa pekee. Jina langu usijisumbue kulificha. Mimi ni Stanley Entwistle, fundi bomba, na mji huu mzima utanijua hata nikijiita Malaika Gabrieli, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba kila Krismasi nimepanda jukwaa la ukumbi wetu nikiwa na gauni, wigi na matiti ya sponji, nikawa Dame, yule mama mnene mwenye mdomo ambaye bila yeye mchezo wa Krismasi hauwi mchezo, na watoto niliowatania zamani leo wanakaa safu ya mbele na watoto wao, na bado nawatania.

Magauni nashona mwenyewe, kwa mkono wangu, na mwaka huu yalikuwa kumi na moja maana Dame hatoki mara mbili na gauni lilelile, nilikuwa Bi Hettie mpishi wa mfalme, gauni moja lina umbo la birika na jingine ni keki ya orofa tatu yenye taa zinazowaka kweli. Na ile mistari miwili ya mwisho, ya kuagana na watu, huwa naitunga mimi. Sisi watu wa jukwaa mistari hiyo hatuitamki kwenye mazoezi, ni mkosi, hutamkwa siku ya ufunguzi mbele ya watu waliolipa kiingilio, ila mimi nilizidisha, nilikuwa hata siiandiki, naiweka kichwani na simwambii mtu, hata mke wangu Noreen.

Basi siku ya ufunguzi, saa sita mchana, nikateleza kwenye ngazi za mteja nikiwa na bomba begani, kifundo cha mguu kikavunjika mahali pawili. Jioni watu mia saba wanakuja na Dame yuko hospitali. Maneno yangu hakuna aliyeyajua isipokuwa binti yangu Leanne, ana miaka thelathini na moja, anauza miwani, na kwenye mchezo wetu kwa miaka sita amekuwa nusu ya nyuma ya ng'ombe wa kitambaa anayevaliwa na watu wawili, lakini tangu akiwa na miaka mitano ndiye anayenishikia karatasi jikoni ninapojifunza maneno. Bi Hepworth, meneja wa ukumbi, akampigia simu, na nasikia Leanne alimjibu hivi: "Naingia, lakini elewa ni kwa muda tu. Gauni ni la baba."

Noreen alikaa safu ya nne akaacha simu wazi ndani ya mkoba ili nisikie nikiwa kitandani, na Shangazi, nilisikia. Nilisikia anavyouvuta utani hadi karibu ukatike halafu anauachia, jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kumi kulijua. Nilisikia watu wanacheka mahali ambapo mimi sijawahi kuchekwa. Kisha tukafika mwisho, kwenye mistari yangu miwili, na pale jukwaani hakuna aliyeijua. Nikaanza kuipiga kelele ndani ya simu hadi muuguzi akaja mbio akidhani mguu umekatika. Mkobani sauti yangu haikutoka. Ndipo nikamsikia mwanangu, taratibu kabisa, kama mtu aliyekuwa ameipanga mwezi mzima:

"Mliokuja na njaa, kwa kicheko mmeshiba,
Rudisheni na vijiko, najua mmeviiba."

Kulitokea kelele, ajabu. Bibi mmoja kule juu akajibu, "Changu nilikuja nacho!" na hapo hata wapiga muziki wakashindwa kupiga. Mistari yangu mimi ilihusu nyota na theluji. Ilikuwa mibaya, sasa naweza kusema. Nililia pale kitandani, muuguzi akaniongezea dawa ya maumivu, nikaimeza tu, ningemweleza nini.

Hiyo ni wiki sita zilizopita. Plasta imetolewa siku tisa sasa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kaniambia naweza hata kucheza ngoma mradi nisiruke. Nyumbani nimesema bado unauma. Leanne akiingia nachechemea, na juzi nilichechemea mpaka jikoni nikiona naigiza vizuri kabisa, Noreen akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Stanley, mguu uliovunjika ni ule mwingine."

Sasa mchezo unaisha Jumapili, na wewe unajua desturi, siku ya mwisho Dame anawaambia watu mwakani kutakuwa na mchezo gani na Dame ni nani, na tiketi zinaanza kuuzwa papo hapo ukumbini. Bi Hepworth anataka jina Ijumaa akachapishe matangazo. Leanne ameshamwambia aandike Stanley Entwistle. Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, pai ya nyama na viazi, akaniuliza, "Baba, wiki hii ya mwisho hurudi kweli?"

"Mguu, mwanangu."

"Basi mwakani. Mimi narudi kwa ng'ombe wangu, mle ndani kuna joto na hakuna anayenitazama."

Noreen akanipiga kiwiko. "Stanley, sema kitu."

Nikasema, "Nisogezeeni kabichi ya siki."

Na kuna hili la magauni, ndilo linaloninyima raha. Leanne ni mwembamba, mimi unanijua. Kila gauni analivaa likiwa limekusanywa mgongoni kwa pini, arobaini au zaidi, na Jumamosi alirudi ana damu mgongoni. Noreen akachukua mkasi alipunguze lile la birika, Leanne akamnyang'anya. "Mkasi hauligusi gauni la baba," akasema, na akaenda kulala na maumivu yake.

Halafu Norris Tattersall, tunayecheza naye mchezo wa kuviringisha tufe kwenye majani, kaniambia, "Dame ni mwanamume, Stan. Rudi kabla mila haijafa." Nikafurahi kumsikia, Shangazi, na niliporudi nyumbani nikaona aibu kwamba nimefurahi.

Asubuhi najiambia nadanganya ili mtoto aendelee kung'ara. Jioni najua ukweli, naogopa kurudi nikasema maneno ya Hettie na watu wakacheka kidogo kuliko walivyomchekea yeye, na naogopa pia nisiporudi asiwepo hata mmoja wa kuniulizia, na wakati huohuo najivuna kuliko nilivyowahi kujivuna, nikiwa nimeingiza kichwa chini ya sinki la mtu namwambia, yule ni binti yangu, umemwona, kamwone. Ukumbini mwenyewe sijatia mguu tangu nianguke. Nirudi Jumapili? Liandikwe jina la nani? Na hayo magauni, niyaache au niyakate?

Ni mimi Stanley Entwistle, Dame anayechechemea kwa hiari yake.

*

Bwana Entwistle, weka mguu chini, ni mzima.

Kwanza hongera, tena kubwa. Umelea mtoto aliyepanda jukwaani bila mazoezi, akakosa maneno mbele ya watu mia saba, akatunga yake, na hata baada ya hayo akasema gauni ni la baba. Wazazi wangapi mjini hapa wanaweza kusema hivyo? Mimi wangu hata sahani haniondolei mezani. Jivune, na usiniombe radhi kwa kujivuna.

Pili, shikilia kiti, maana sasa nakugombeza. Huumwi mguu, unaona wivu. Wivu wa mzazi kwa mwanawe upo, haujaanzia kwako, na ukisemwa hauui mtu. Ukifichwa ndio unakufanya uchechemee kwa mguu usio wenyewe mbele ya mkeo. Na Tattersall usijifiche nyuma yake. Mila ya Dame ni kuwachekesha watu waliotoka kwenye baridi, na kilichomo ndani ya gauni hakijawahi kumsumbua mtoto yeyote mwenye pipi mkononi. Tattersall mwenyewe nilimwona safu ya tisa. Alikuwa anajifuta macho.

Unauliza watakucheka pungufu ukirudi. Huenda. Sitakudanganya, umeshajidanganya vya kutosha. Mcheza kwao hutuzwa, na mji huu umekutuza miaka ishirini na saba. Mtu aliyeshiba namna hiyo haingii kugombea sahani ya mwanawe. Na wewe ndiye uliyemfundisha, pale jikoni, karatasi mkononi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ulitarajia atoke njiwa?

Lakini hapohapo nakuonya. Usiende kumkabidhi nafasi kama mtu anayemtupia ombaomba sarafu. Nimeisoma barua yako mara tatu na sijaona mahali umemuuliza mwanao anataka nini. Yeye anakataa kwa kukuheshimu wewe, wewe unachechemea kwa kumheshimu yeye, na Bi Hepworth anasubiri jina. Mkiendelea na adabu hiyo ya kijinga, mwakani tutaletewa mtu wa televisheni asiyejua hata basi la kuja huku linapita wapi.

Kwa hiyo leo, kabla chakula hakijawekwa mezani, mwambie Leanne mguu umepona na tangu lini. Mwambie uliogopa, kwa neno hilohilo. Kisha muulize anautaka u-Dame au hautaki, ufunge mdomo wako, na usiombe kabichi. Akisema kweli anampenda ng'ombe kuliko Hettie, mwamini, ingawa mimi sitaamini. Akisema anautaka, simu kwa Bi Hepworth piga wewe, kwa sauti yako, si yeye.

Halafu chukua mkasi. Noreen asiuguse. Magauni uliyashona wewe, uyakate wewe, Leanne akiwa amesimama mbele yako na utepe wa kupimia shingoni mwako, aone kila kipande kinavyoanguka sakafuni. Maneno yako peke yake hatayategemea, umechechemea mno. Gauni lililokatwa kwa kiuno chake halitakuingia wewe tena, na hilo atalielewa bila hotuba. Utaumia ukikata, ndiyo. Kata tu. Ukimaliza la birika, lete la keki, na uangalie nyaya za zile taa.

Jumapili usipande kucheza. Nunua tiketi kama sisi wengine, ukae, umtazame. Wiki sita hujamwona mwanao kwa macho, umemsikia mkobani, na hilo ndilo kosa lako kubwa kuliko yote uliyoyataja.

Mimi nimemwona mara mbili, na kuna jambo Noreen hajakuambia, nadhani amekuonea huruma. Mwishoni waigizaji wote wanaposhuka ngazi za pale jukwaani kuwashukuru watu, Dame hushuka wa mwisho na mahali pake ni katikati, wewe unapajua kuliko mimi. Leanne anashuka wa mwisho, ukumbi mzima unasimama, na haendi katikati. Anasimama kando, anaacha nafasi ya mtu mmoja mnene, anainama pembeni mwa nafasi hiyo. Mara ya kwanza nilifikiri amekosea. Mara ya pili alifanya vilevile, na nikajua ile nafasi ni ya nani, nikalia hadi mjukuu wangu akaniazima skafu yake.

Basi Jumapili atakapoinama, panda jukwaani kwa zile ngazi za pembeni na koti lako la kazini, usimame pale alipokuachia, uiname naye mara moja. Kisha mshike mkono, umsogeze hadi katikati, ushuke urudi kwenye kiti chako, na upige makofi.