Munir Hajui Kwamba Umefariki

Tata,

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: mimi binti yako ndiye ninayemjibu Munir kwa simu yako. Kwa jina lako. Yeye anaamini uko hai.

Ilianza siku ya tatu baada ya kukuzika. Watu bado walikuwa wamekaa kwenye nyasi za msiba zilizotandazwa sebuleni, ujumbe wake ukaingia: "Mwalimu, nimestaafu mpira. Ile kazi ya umeneja wa timu yenu bado ipo?" Nikakumbuka ulivyompenda yule Mtunisia, tangu basi la timu yake ya Dar lilipoharibika Muleba ukawapelekea ndizi mbivu, naye akakaa nawe kando ya barabara mpaka fundi akamaliza. Nilitaka kumwambia. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba msiba hauelezwi kwa simu. Baba yako mkubwa alipofariki ulipanda basi hadi Bukoba na bodaboda hadi Rubafu, ili binti yake aambiwe akiwa amekaa, ameshikwa mkono. Basi nikaandika: "Ipo. Njoo." Nilidhani atakuja upesi, tumkalishe, tumwambie.

Imekuwa miezi minne.

Alipopiga niliacha simu ilie, halafu nikaandika kwamba kifua kinanibana, tuandikiane tu. Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza, yaani anakuuliza wewe: "Kifua vipi leo, Mwalimu?" Naandika, "Nafuu," huku kaburi lako naliona dirishani, udongo bado haujashikana.

Na kuna linalonitia aibu zaidi. Nilipenda kumjibu. Aliuliza meneja anaanza na kazi gani. Daftari lako la timu halikusema, nikaandika la kwangu: "Anaanza kwa kujua nani amekuja mazoezini bila kula." Akajibu, "Mwalimu, miaka yangu yote ya mpira hakuna aliyeniambia hilo." Nilizunguka kibanjani, kati ya migomba, nikicheka peke yangu, kisha nikalia. Ulikuwa ukiniambia, "Kokugonza, unaona mambo, halafu unayameza." Safari hii sikuyameza, Tata. Lakini nimeyasema kwa mdomo wako.

Sasa amekata tiketi. Jumamosi anatua Bukoba. Klabu moja ya kwao ilimtaka awe meneja, akakataa. Ameandika, "Nakuja kwa sababu yako." Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa timu na anadhani namwandikia Munir kwa jina langu, amewatangazia wachezaji, nao wameipaka chokaa nyumba atakayokaa hapa Nshamba. Juzi akaniuliza, "Mtunisia alisemaje aliposikia msiba?" Nikasema, "Alisikitika sana, Baba." Akanigonga begani: "Safi. Kumaliza kidato cha nne kumekusaidia."

Tangu hapo najiuliza: Akigeuza na ndege ileile? Timu ikose meneja kwa sababu yangu, na wewe uitwe mwongo hali umelala? Nilipanga afikishwe nyumbani kwanza, apewe maji na kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, ndipo aambiwe. Lakini gari likiingia tu uani, kaburi liko palepale, na jina lako liko msalabani. Atalisoma kabla hajakaa.

Kwa hiyo nitakwenda uwanja wa ndege wa Bukoba na Baba mdogo kumpokea. Nitamwomba Munir akae kwenye benchi lolote, hata la wauza karanga, nimshike mkono, mimi ambaye hata darasani sikuthubutu kuunyoosha, nimwambie yote. Baba mdogo naye asikie. Akitaka kurudi kwao, nitambebea begi mpaka mlangoni. Hilo nimekuahidi, na sitalikimbia.

Kaa vyema kibanjani, Tata. Mpaka Jumamosi jambo hili libaki kati yetu wawili. Hata bibi uliyelala kando yake usimwambie. Unamjua, hawezi kunyamaza, na Mama anapita hapo kila asubuhi.

Kokugonza wako