Akala ya Kushoto

Jumatatu, 1 Juni

Dawa ya presha nimekunywa, ile nyeupe. Uji bakuli moja bila sukari, Agneta amesimama hapo kama askari jela. Huyu binti yangu anadhani yeye ndiye alinizaa. Nesi wa kliniki alinipa hiki kitabu niandike presha na chakula. Nimeandika: 150 kwa 90. Kurasa zimebaki nyingi, naandika yangu.

Mimi shule niliacha darasa la nne. Kuandika nilijifunza kwa orodha za timu. Majina kumi na moja na akiba watano, kila Jumamosi, miaka thelathini. Mwandiko wangu umesimama wima kama mlingoti wa goli.

Leo Madam Halima, mwalimu mkuu mpya, amenipigia simu yeye mwenyewe. Shule inajenga Ukuta wa Heshima. Watachonga kwenye jiwe jeusi majina ya watu walioinua michezo na nyimbo na maigizo pale shuleni. Akasema, Kocha, wewe ndiye wa kwanza. Nikamwambia, kwani ungeanza na nani?

Ni kweli. Niliingia pale kukata nyasi na kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa. Mwalimu wa mpira akahamishwa, nikaokota filimbi yake, na hakuna mtu amewahi kuniambia niirudishe. Kombe la mkoa nililileta mimi. Mara moja. Baada yangu hawajalishika tena, na walimu wao wenye vyeti.

Anataka majina ya wale kumi na mmoja wa fainali. Watachongwa chini ya langu. Sherehe ni Ijumaa ya tarehe 19.


Jumanne, 2 Juni

Nimeandika majina kumi haraka sana. Kumbukumbu yangu ni kali kuliko ya vijana.

Nambari tisa nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Mwisho nimeandika Peter Onyango. Ndivyo fomu ya wakati ule ilivyosema. Sikubuni kitu.

Presha 160.


Ijumaa, 5 Juni

Peter Onyango amepiga simu. Amealikwa. Anakaa mtaa wa Umoja sasa, mzee wa kanisa, sauti nzito ya mtu aliyezoea maikrofoni. Alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo. Ameambiwa atatoa hotuba kuhusu lile bao la fainali. Atakuja na mke na watoto na wajukuu, wote wanalijua bao lake.

Aliposema "bao langu" nilikata simu. Nikamwambia baadaye ni mtandao.


Jumapili, 7 Juni

Tumetoka kanisani tukakuta akala mlangoni. Moja tu. Ya kushoto. Mpya kabisa, bado inanuka tairi la gari iliyokatwa humo. Agneta akasema ni watoto wa ploti wanacheza.

Si watoto. Mguu wangu wa kushoto, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake tangu nizaliwe. Kiatu cha duka hakiniingii vizuri. Hii akala mkanda wake umepinda mahali pale pale. Nimeijaribu Agneta akiwa jikoni. Imeingia kama imemwagwa juu ya mguu.

Mtu mmoja tu aliwahi kupima mguu huu, kwa kamba ya katani.

Sikula chakula cha mchana. Nimemwambia Agneta ni tumbo.


Jumatatu, 8 Juni

Naandika, kwa sababu hakuna atakayesoma.

Rashid. Alikuwa anashona akala na mjomba wake soko la Kariokor. Hakuwa mwanafunzi wetu, hakuwa mwanafunzi wa mtu yeyote. Nilimwona akipiga mpira kwenye vumbi nyuma ya soko, miguu mitupu, nikasimama na shopping yangu mkononi mpaka giza. Sijaona mguu wa kulia kama ule. Na nimeona miguu.

Peter alikuwa na malaria wiki ya fainali, hiyo ni kweli. Lakini hata angekuwa mzima ningemweka benchi. Nilichukua jina lake nikampa Rashid. Mamluki. Shule zote zilikuwa na mamluki, sisi tulikuwa na mmoja tu tena mzuri. Nilimfundisha kwenye lori njia yote: wewe ni Peter, wewe ni Peter, ukiitwa Peter geuka.

Aligeuka vizuri. Akafunga.


Jumatano, 10 Juni

Mama Kevo wa mboga kwa kona ananiambia kuna mtu alikuwa akiuliza nyumba yangu. Siku gani? Jumapili, tukiwa kanisani. Mtu gani?

"Mzee wa makamo, Kocha. Ana gongo. Mguu hana."

Nimerudi ndani nikafunga mlango kwa komeo, mchana kweupe. Mimi. Nilishatenganisha vijana wenye visu uwanjani kwa filimbi peke yake.


Alhamisi, 11 Juni

Nimekwenda shuleni kuona ukuta. Mzuri. Jiwe jeusi linang'aa mpaka unajiona. Fundi amemaliza jina langu, herufi kubwa. ZAKARIA MUKABWA. KOCHA. Nimepitisha kidole ndani ya kila herufi. Nilijisikia mkubwa, sitadanganya.

Kisha Madam Halima akatoka na kitabu cha zamani cha shule, kimeliwa na mende pembeni. Anasoma kila kitu huyu mwanamke. Akasema, "Kocha, hapa imeandikwa nambari tisa alivunjika mguu vibaya siku hiyo, akapelekwa hospitali. Lakini Bwana Peter alikuja juzi, anatembea vizuri kabisa."

Nikasema, "Alipona. Mungu ni mwema."

Akaniangalia. Akafunga kitabu polepole.

Nilipogeuka kutoka, nje ya ua, upande wa barabara, mtu amesimama na gongo. Hakupunga mkono. Hakusogea. Lori likapita katikati, na lilipokwisha kupita hakuna mtu.

Presha 180. Nesi amesema nirudi kesho. Sirudi.


Jumamosi, 13 Juni

Siku tatu.

Dakika kumi baada ya bao, beki wao alimwingilia. Mimi nilisikia mfupa nikiwa benchi. Kuni kavu. Akiba walikuwa wameshaingia, tukamaliza mechi tukiwa kumi, tukashinda moja bila, nikabebwa juu. Yeye alibebwa upande mwingine.

Hospitali walimwandika Peter Onyango. Nilikuwa pale, mimi ndiye nilitaja jina. Daktari akasema mguu unataka kupasuliwa haraka, lakini huyu ni mtoto wa shule, baba yake aje aweke sahihi. Baba ya nani? Baba ya Peter yuko kwake, na Peter wake yuko kitandani na malaria. Kamati ya michezo ilikuwa bado haijatia muhuri matokeo. Ikijulikana ni mamluki, kombe linarudi.

Nikamwinamia Rashid nikamwambia, vumilia, kaa Peter, nitarudi kesho na baba.

Kesho sikwenda. Kesho yake tulikuwa tunazungusha kombe mtaani, ngoma na vuvuzela za bati.

Mama yake alimtafuta. Alifika hospitali hiyo hiyo, akauliza kwenye dirisha, Rashid. Wakafungua kitabu. Hakuna Rashid. Akaenda polisi, akaenda mochari, akarudi tena. Hakuna Rashid. Siku ya nne alipita mwenyewe wodi kwa wodi akamkuta. Siku tatu amelala kwa jina la Peter, mguu ulikuwa umeshaoza. Wakaukata. Wa kulia.

Nilisikia haya sokoni, kwa watu. Tangu hapo sijakanyaga Kariokor. Nikitaka kwenda mjini nazunguka.


Jumatatu, 15 Juni

Peter amekuja nyumbani. Suti, viatu vya kung'aa, Biblia ndani ya kibegi cha zipu. Agneta alipotoka kuleta maji akaanza mara moja.

"Kuna kiwete ameonekana shuleni. Umemwita wewe?"

"Sijamwita."

"Kocha, mimi wajukuu wangu wananiita Namba Tisa. Usiniharibie uzee."

Nikamwambia bao si lake, anajua, na mimi najua.

Akatabasamu vile wanatabasamu watu wa kanisa. "Kwa umri wako huu, Kocha, ukianza kusema mambo, watu watasema kichwa kimechoka. Nitakuwa wa kwanza kuwaambia, kwa upole."

Agneta akarudi na maji. Peter akaomba kabla ya kunywa. Aliniombea afya, hasa ya akili.


Jumatano, 17 Juni

Nilimwambia Agneta aitupe ile akala. Leo nimeikuta chini ya meza. Anasema ni kazi safi, anangoja ya pili iletwe.

Haitaletwa ya pili. Nimekaa nikiitazama. Aliyeshona hii ananiambia kitu na ninakielewa sawasawa.

Nilifikiri kusema naumwa nisiende. Halafu nikafikiri jiwe lile na herufi zangu. Nitakwenda. Nitapokea changu, nitanyamaza, nitarudi. Nimenyamaza miaka yote hii, saa mbili zitanishinda?


Ijumaa, 19 Juni

Naandika kabla sijapoa.

Nilivaa koti la harusi ya Agneta. Hema mbili, viti vya plastiki, bendi ya shule. Nilikalishwa mbele. Ukuta umefunikwa kwa kitambaa cha rangi za shule. Nikageuka kuangalia watu. Safu ya mwisho, karibu na lango, Rashid. Mvi tupu. Gongo limelala mapajani. Madam Halima alikwenda kumsalimia kwa mikono miwili, akamletea soda. Kumbe wanajuana. Kumbe alikuwa ameshamtafuta.

Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Juni.

Peter akaitwa. Watoto wake wakapiga makofi. Akaanza vizuri, akamshukuru Mungu, akanishukuru mimi. Nilikuwa nimeyakaza meno. Ningeweza. Wallahi ningeweza kunyamaza mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Krosi ikaja kutoka kulia, nikaruka juu ya mabeki wawili, nikaipiga kichwa!"

Kichwa.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijisikia tu nikipiga kelele kama niko kwenye mstari: "Kichwa gani? Hakukuwa na krosi! Mpira ulikuwa umekwama kwenye matope, nje ya boksi, na akaupiga kwa mguu wa kulia bila kuinua uso, na kipa hakusogea! Mguu wa kulia! Kichwa kitu gani, wewe ulikuwa na malaria!"

Peter akasema kwenye maikrofoni, "Tumwombee mzee wetu, kichwa kimechoka."

Nikasema, "Kama kimechoka basi mwulizeni mwenye mguu. Yule pale. Rashid. Uko wapi mguu wako, Rashid?"

Lilikuwa swali baya. Nimeuona ubaya wake likiwa limeshatoka. Watu wote wakageuka, wakaangalia suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini. Yeye hakuinamisha uso. Aliniangalia mimi tu, kama angojaye kitu kilichochelewa.

Nikasema yote. Lori, jina, dirisha la hospitali, mama yake. Siku tatu. Nilisema nimesimama, bila maikrofoni, sauti yangu bado inafika goli mpaka goli. Mjukuu mmoja wa Peter alianza kulia. Peter akawachukua wote wakaondoka.

Kitambaa hakikufunuliwa.

Rashid alikuwa amekwenda nilipomaliza. Chupa ya soda ilikuwa chini ya kiti, haijafunguliwa.


Jumamosi, 20 Juni

Agneta hasemi na mimi. Uji umewekwa mezani na sukari. Hata hajasimama kuangalia.


Jumatatu, 22 Juni

Madam Halima amepiga simu. Kamati imekaa. Jina langu litatolewa. La Peter pia, na ya wale wengine kumi, maana kombe lenyewe halikuwa halali. Nikauliza la Rashid litawekwa? Akasema haliwezi, hakuwa mwanafunzi, kanuni hazikubali. Alisema hilo kwa sauti ndogo.

Nimekwenda kuangalia. Fundi ni yule yule. Mashine ya kusaga mawe, vumbi jeusi, dakika kumi. Herufi zangu zimeisha. Nimekasirika. Sitaandika kwamba nimefurahi kusema kweli, sijafurahi. Lile lilikuwa jina langu. Wachezaji wangu kumi hawakuwa na kosa nao wamefutwa na mimi.

Jiwe limebaki laini. Unajiona.


Jumanne, 23 Juni

Dawa nimekunywa. Nikaweka akala kwenye mfuko wa karatasi nikaenda Kariokor.

Pamebadilika, lakini harufu ni ile ile, ngozi na gundi na tairi. Nikauliza, wakanionyesha. Amekaa kwenye kigoda kati ya marundo ya tairi, kisu mkononi. Aliniona kutoka mbali. Hakuacha kukata.

Nikasimama.

"Ulisema kesho," akasema.

"Nilisema."

Akakata kipande kingine. Kisha akasogeza kigoda kingine kwa gongo, akaniambia, "Keti, Kocha. Vua."

Nikamuuliza ile ya kushoto alituma kwa maana gani. Akasema kwa maana ya kushoto. Akiombwa atengeneze ya kulia lazima mwenye mguu aje mwenyewe, yeye hapimi kwa kukumbuka. Ya kushoto aliishona kwa kukumbuka, kwa hiyo sijui kama ulikuwa utani. Hakucheka.

Nilimwambia nilikosa. Neno moja, sikujua namna ya kulirefusha. Akachukua kamba ya katani akapima mguu wangu wa kulia, kisigino mpaka kidole, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyotaka. Akaurudisha chini taratibu.

Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Akaenda kuswali, akarudi, akapigilia misumari.

Ya kulia imenibana kidogo juu ya vidole. Nimetembea nayo mpaka nyumbani, sikumwambia Rashid.