Chai ya Mafundi wa Pekee

Njeri wangu,

Watu wengi hukosea kwa kungoja mkubwa awaruhusu kukutana na wenzao. Hapa Ngoingwa tuko wazima, na ng'ombe amezaa.

Unaandika programu za kompyuta peke yako katika jumba la maigizo Ruiru, na upweke umekuchosha hadi unataka kuacha kazi. Mkurugenzi anakukataza kukutana na waandishi wa programu wa majumba mengine ya sanaa.

Mimi nilikuwa fundi wa pekee wa kutengeneza cherehani kiwandani Thika. Jumapili, mafundi wa viwanda vingine walikuja kwangu tufundishane. Meneja akafoka, "Wairimu, unatoa siri zetu!"

"Siri gani, bwana? Sindano zao huvunjika kama zetu."

Kunifuta hakuweza, nani angemtengenezea cherehani? Jumapili iliyofuata nilichemsha chai kwa sufuria kubwa zaidi.

Leo mpigie simu mmoja wa waandishi wenzako, umwalike chai.

Nyanya yako, Cucu