Kivuko cha Baba Nilichokuficha

Tukuyu, Rungwe
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Imakulata,

Kamwene. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kigoda ukae, maana ni ndefu na sehemu yake moja haipendezi. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Shemeji bado anakohoa? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawazungusha? Huku sisi ni wazima. Mvua ya Rungwe unaisikia tu kwa watu: ukifua soksi Jumatatu, utazivaa Alhamisi. Wifi yako Tupokigwe ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio nitakaoueleza.

Jana kwenye simu nilikuambia jambo moja tu, usivuke pale kwenye mianzi hata ukiona maji yametulia, mpaka barua yangu ifike. Ukaniuliza, "Kwa nini, Kaka?" nikasema salio linaisha. Salio lilikuwepo. Kilichoisha ni ujasiri. Kuna mambo mzee wa umri wangu hawezi kuyasema huku anasikia pumzi ya mdogo wake upande wa pili. Afadhali karatasi.

Nianze na matembezi, kwa sababu ndiyo yaliyonifichua.

Nilikwambia mwaka jana kwamba vijana wa kijiji hiki wameanza kuwatembeza wageni kama wewe unavyofanya huko. Si kupanda mlima. Ni njia ya watu wazima: unashuka polepole katikati ya migomba na mashamba ya chai, unapita vijiji viwili ukisalimia watu, unafika mto Kiwira, unakula ndizi na maharage kwa mama mmoja, unarudi kabla mvua ya alasiri haijaanza. Vijana walinichukua kwa sababu nimefundisha jiografia miaka mingi. Nilikubali haraka mno. Wao walidhani ninapenda kutembea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia habari zako, jinsi watu wa Iringa mjini wanavyokusifu, nikasema moyoni: nami nina bonde.

Wiki iliyopita walikuja akina mama wanne kutoka Iringa mjini. Daktari amewaambia watembee kwa ajili ya sukari, na wao wamegeuza agizo la daktari kuwa starehe. Kiongozi wao ni Bi. Zuhura, mfanyabiashara wa vitambaa, babu zake walitoka pwani na ulimi wake haujasahau. Tulipofika Kiwira nikasimama juu ya jiwe nikaanza kuwaeleza jinsi volkano ilivyomwaga uji wa moto, ukapoa ukawa mwamba, kisha maji yakaukata mwamba huo taratibu. Nilieleza vizuri, Imakulata. Nilikuwa nakaribia kipindi cha barafu Bi. Zuhura aliponyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu," akasema, "hayo mawe tumeyaelewa. Hebu na mto nao useme kidogo."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nami nikacheka, kwa meno tu.

"Usituone wakorofi," akaendelea. "Kule Kilolo tumezoeshwa vibaya. Yuko mama mmoja hasemi sana. Anatangulia na kikapu chake cha majani ya milulu kichwani, sisi nyuma tunasikiliza ndege. Lakini tukifika mtoni! Anavuka kwanza peke yake, sisi wote tumesimama ukingoni kama watoto wa chekechea. Akishafika ng'ambo anageuka, anatuita mmoja mmoja. 'Zuhura, njoo.' Hujaitwa, huvuki. Umri wangu huu wote, mwalimu, siku ile nilijisikia nina mama."

Nilikaa chini, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Desturi ile unaijua kuliko mimi, lakini niache niieleze, maana kueleza ndiyo namna yangu ya kukumbuka. Nyumbani kwetu, aliye mkubwa ndiye aliyetangulia majini, akapima kwa fimbo na kwa miguu yake mwenyewe, na mdogo akasubiri aitwe kwa jina. Si kwa mkono, si kwa mluzi. Kwa jina, ili aliyeita awe amejifunga kwamba anamtazama huyo na si mwingine. Baba aliniita mimi. Mimi nilikuita wewe. Nilidhani kazi ile ni yangu mpaka kufa. Sasa nasikia kwa muuza vitambaa kwamba inafanywa na wewe, na inafanywa vizuri, na watu wanatoka mjini kuja kuitwa.

Wivu ulinishika, mdogo wangu. Sitautafutia jina la heshima. Mimi nilipelekwa shule, nikapata vyeti, nikapangiwa kazi mbali, nikaoa mbali. Wewe uliishia darasa la saba ukabaki kumuuguza mama. Miaka yote hii nilikuonea huruma, na huruma ile ilinipendeza, kwa sababu ilinikalisha juu yako. Kumbe uliyebaki ndiye uliyepewa bonde, na njia, na sauti ya baba. Mimi nina vyeti ndani ya mfuko wa nailoni.

Lakini sijafika kwenye ubaya wenyewe.

Bi. Zuhura aliendelea. Alisema mwezi uliopita walirudi kwako wakakuta daraja la magogo limechukuliwa na maji, na matembezi yamesimama. "Tukamwambia tafuta njia nyingine. Akasema ipo, marehemu baba yake alikuwa na kivuko chake cha masika, lakini anayekijua ni kaka yake yuko mbali. 'Kaka atasema,' ndivyo anavyotujibu. Kila tukimpigia, kaka atasema."

"Na huyo kaka ni mtu wa namna gani?" mwenzake akauliza. "Labda amefariki."

"Hajafariki. Mama anasema yu hai, tena msomi sana. Basi usomi utakuwa umemziba masikio!" Wakacheka tena. Kisha Bi. Zuhura akanigeukia. "Mwalimu, nawe si ulisema asili yako ni Iringa? Humfahamu mtu kama huyo?"

"Simfahamu," nikasema.

Nilisema hivyo nimesimama kando ya maji, mchana kweupe, na ujumbe wako uko kwenye simu mfukoni mwangu tangu lilipoondoka daraja. Ule wa sauti, mkweo alipokushikia simu, ukasema, "Kaka Mwalimu, baba alikuwa akivuka wapi masika? Wewe ndiye uliyekwenda naye kwa mfua vyuma." Niliusikiliza mara nyingi. Sikuujibu. Nilijiambia simu ina matatizo. Simu haina matatizo. Nilitaka kibaki kitu kimoja cha bonde lile ambacho mimi ninacho na wewe huna.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Tupokigwe alikuwa anachambua maharage, akaniangalia mara moja tu.

"Baba Neema, umeumwa na nyuki?"

Nikamweleza yote. Aliacha maharage.

"Mwalimu mzima unamwonea wivu mtu aliyekuwa anakubebea madaftari?"

"Si wivu."

"Ni nini basi? Nieleze. Wewe si bingwa wa kueleza?"

Nikavuta ungo wake nikaanza kuchambua maharage. Na bado, Imakulata, sikukupigia. Siku tano nzima. Hata nikaanza kufikiri kwamba safari zako zikifa, labda akina Bi. Zuhura watanizoea mimi. Ni wazo la aibu, naliandika ili lisinirudie.

Juzi usiku ukaleta ujumbe wa pili. Hukulalamika. Ulisema tu, "Kaka, nadhani uko na shughuli. Jumamosi nitajaribu pale kwenye mianzi, maji yametulia."  Kulipokucha nikakupigia.

Sasa sikiliza, maana hapa nina haki ya kueleza. Mto ukibanwa na kingo, huchimba kwenda chini. Juu utaonekana umelala, chini una kina cha kumeza mtu. Pale kwenye mianzi ndivyo ulivyo, ndiyo maana baba hakutuacha kuogelea pale hata kiangazi. Mto ukipanuka hupiga kelele, lakini kelele ni dalili ya mawe na maji haba. Usiogope kelele. Ogopa utulivu.

Kwa hiyo toka kanisani, usishuke. Panda na ukingo wa kushoto mpaka yalipokuwa makao ya mfua vyuma, utayajua kwa udongo mweusi na mabaki ya mkaa. Endelea kidogo mpaka usikie mto unapiga kelele kuliko mahali pote. Hapo kuna mawe matatu makubwa, yamekaa kama ng'ombe waliolala. Vuka juu yao kidogo, upande maji yanakotoka, si chini yao. Alama ya baba ni jiwe la katikati: mgongo wake ukiwa mkavu, vuka, ukiwa umelowa, rudi nyumbani, hata kama mgeni ametoka Ulaya. Mto unaweza kuwa umesogeza mawe tangu enzi zile, basi kwanza nenda na shemeji na fimbo ndefu siku isiyo na mvua. Nimechora ramani kwenye karatasi ya pili. Mstari uliokatikakatika ndiyo njia. Huu ndio ujuzi wote niliokuwa nao. Sikubakiza kitu.

Unakumbuka siku niliyokusahau? Nilivuka, nikawaona rafiki zangu, nikakimbilia mpira. Wewe ulikuwa na miaka kama sita, umeshika kibuyu cha togwa. Ng'ombe walirudi, wewe hukurudi. Baba alikukuta bado umesimama ukingoni, togwa hujainywa hata tone. Akakuuliza kwa nini hukuvuka wala hukurudi. Ukamwambia, "Kaka hajaniita." Hakunipiga. Alinirudisha ng'ambo peke yangu, akaniambia nikuite. Nililiita jina lako mara mbili ndipo likakufikia.

Umenisubiri ukingoni mara mbili, Imakulata, na mara zote mbili kosa ni langu.

Barua hii naituma kwa basi mpaka Ilula, mwanao anayeuza nyanya barabarani ataipokea. Msalimu shemeji, mwambie nimetuma tangawizi ya kikohozi. Msalimu mkweo aliyekushikia simu, na shangazi yetu mzee anayeniita bado kwa jina la utotoni. Bi. Zuhura akija, mwambie kaka amesema, na mwambie pia ni yule wa Kiwira. Acha anicheke.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Umekaa hapa mezani ninapoandika. Lakini mvua zikipungua nitapanda basi nije nao. Nitatembea nyuma ya kikapu chako kama wageni wengine, sitaeleza hata jiwe moja. Tukifika kwenye mawe yale matatu, tangulia wewe. Mimi nitasimama ukingoni na fimbo yangu.

Usinisahau. Niite.

Kaka yako,
Leonsi