Mishumaa ya Majilio

Mtoni, 14 Desemba 1947

Baba, shikamoo.

Sote wazima, na mihogo imeshika. Mishumaa minne uliyotuma ilifika. Jumapili ya kwanza ya Majilio niliwasha mmoja, ule wa kwanza kati ya minne ya kungojea Krismasi, tukaimba polepole. Bi Tunu, mwenye nyumba wetu, akachungulia na kuuliza kulikoni. Yeye ni Mwislamu. Nikaona haya, nikasema mafuta ya taa yametuishia.

Kesho yake akaniletea chupa nzima. Akasema jirani yake hawezi kukaa gizani naye yupo.

Tangu hapo tunawasha taa kwa mafuta yake, na mishumaa yako iko sandukuni. Leo mjukuu wako Nsia ameniuliza kama mwaka huu Yesu haji. Nikainama nikafuta chemni ya taa, ingawa ilikuwa safi.

Mwanao,
Aikande